Sura ya Saba: Ufukwe Kwanza, Samaki Baadaye

Watu wengi wanaotaka tangi kubwa la samaki sebuleni huanza na ndoto ya bahari. Wameona mahali fulani wale samaki wa matumbawe, wa njano, wa bluu na wenye milia, wakipishana nyuma ya kioo kirefu, nao wanataka hivyo hivyo nyumbani kwao. Ndoto hiyo ni nzuri, ila ni ghali na ina majuto mengi kwa anayeanza. Kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa chumvi ya bahari, nakuomba utazame upande wa pili wa nchi, kule Reli ya Kati inakoishia. Kigoma kuna samaki wenye rangi na tabia za kujaza kioo cha ukubwa wowote, na hawahitaji chumvi hiyo.

Kulifananisha Ziwa Tanganyika na bahari si jambo geni. Mwingereza John Edmund Sharrock Moore alifika huko mara mbili, mwaka 1895 na tena 1899, akakuta konokono wenye maganda mazito yaliyochongwa kama ya pwani, na akakuta konyeza wakielea kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Akaamini kwamba ziwa ni kipande cha bahari ya kale kilichoachwa katikati ya bara. Sivyo, konokono wale walipata maumbo yao humo humo ziwani, na ziwa lenyewe linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Lakini samaki aliowapeleka London waliwapa wataalamu kazi kubwa. Mwaka 1898 George Boulenger aliwaeleza baadhi yao kwa mara ya kwanza, na mmoja akampa jina la Moore mwenyewe: Tropheus moorii. Jamaa wa samaki huyo ndio watakaotuchukulia muda mwingi katika sura hii, maana hakuna anayefundisha ujirani wa tangini kama wao, na hakuna anayewatia hasara wasiojua kama wao.

Ziwa lina kina cha mita 1,470, ila usidhani samaki wametapakaa hadi chini. Oksijeni inaishia kwenye mita 100 hivi upande wa kaskazini, na kama 200 upande wa kusini. Chini ya hapo samaki hapumui. Kwa hiyo samaki wa mwambao wamesongamana kwenye mshipi mwembamba unaozunguka ziwa, na humo ndimo jamii ya perege, ambao wataalamu huwaita sikilidi, wamegawanyika kuwa aina zipatazo 240, karibu zote zikiwa hazipatikani penginepo duniani. Wameweza kuishi pamoja kwa wingi huo kwa sababu wamegawana riziki. Huyu anakwangua mwani juu ya jiwe, yule anachokonoa vijidudu kwenye nyufa, mwingine anachuja mchanga, mwingine hukaa maji ya juu akila vinavyoelea. Yuko hata Perissodus, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya wenzake. Mdomo wake umepinda upande, kwa wengine kulia na kwa wengine kushoto, kila mmoja akivizia ubavu unaomfaa. Mjapani Michio Hori aliandika habari zake mwaka 1993. Samaki huyo usimwingize tangini kwa hali yoyote.

Muuzaji atakuuliza unapenda samaki gani. Swali hilo limekuja mapema. Jiulize kwanza unataka ufukwe gani.

Toka Kigoma mjini hadi Katonga, au endelea kidogo mpaka pwani ya Jakobsen, vaa miwani ya kuogelea, ingia maji ya kifuani. Chini yako kuna mawe yaliyorundikana, makubwa na madogo, yote yamevikwa utando wa mwani. Tropheus wako kila mahali, wanadonoa jiwe, wanageuka ubavu, wanadonoa tena, na kila baada ya muda mmoja anamtimua mwenzake umbali wa hatua mbili kisha anarudi kwenye jiwe lake. Kwenye nyufa kuna Julidochromis, mrefu kama kidole na mwenye milia, tumbo lake likielekea jiwe hata kama jiwe liko juu ya kichwa chake. Mbele, ambako mwamba unadidimia kwenye kina, kundi la Cyprichromis linaning'inia katikati ya maji. Sasa panda daladala uende Ujiji. Ni kilomita chache tu, lakini ufukwe ni mchanga, na kusini yake Mto Luiche unashusha tope lake ziwani. Mawe hakuna, na wale wa mwambani hawapo. Wako wapenda mchanga, na penye maganda matupu ya konokono wako wale wadogo wanaoyafanya nyumba.

Tropheus haogelei juu ya mchanga mtupu kwenda mwamba wa pili. Anaogopa uwazi, na ana sababu, kwa kuwa wanaomla wako huko. Kwa hiyo mdomo wa mto au ufukwe mrefu wa mchanga humzuia kama ukuta, na kwa vizazi vingi kila mwamba umejipatia Tropheus wake: huku mweusi mwenye mkanda wa njano, kule mwekundu, kwingine wa kijani kibichi. Wafugaji wanatofautisha sura zaidi ya 100, nyingi zikiitwa kwa majina ya vijiji na rasi za mwambao. Hapo ndipo chambua-chambua ya rangi inapoharibu mambo. Mtu ananunua watano wa huku na watano wa kule kwa kuwa wanapendeza pamoja. Rangi tu ndiyo iliyowatofautisha. Ukiwaweka pamoja watazaana, na vifaranga watakaopatikana hawatakuwa wa ufukwe wowote. Sura moja kwa tangi moja. Kwa Tropheus sina mjadala juu ya hilo.

Idadi nayo inawashangaza wengi. Mgeni huona samaki wana ugomvi, akadhani wachache watagombana kidogo. Kwa Tropheus ni kinyume. Ukiweka watano au sita kwenye tangi kubwa, mbabe mmoja atashika mawe yote na kumwandama mnyonge mmoja mchana kutwa. Utamwona aliyeshindwa amejibanza kona ya juu, karibu na bomba la chujio, mapezi yamefumbwa, rangi imefifia, tumbo limebonyea. Anaacha kula, na wiki haiishi amekufa. Mbabe anageukia wa pili. Ukiweka 20 au 25, hasira ile ile inagawanyika kwa wengi hata haimuui yeyote, na kabla hajammaliza mmoja anakatiza mwingine mbele yake. Wanunue wadogo, wa kimo kimoja, uwaingize wote siku moja. Kumwongeza mmoja baada ya miezi sita ni kumtia kwenye mateso, kwa sababu kila jiwe lina mwenyewe. Ikikulazimu kuongeza, ongeza kadhaa kwa pamoja, na asubuhi hiyo hiyo panga mawe upya ili wenyeji nao wawe wageni.

Tangi la kazi hiyo lianzie sentimita 180 kwa urefu, 60 kwa upana na 60 kwa kimo. Ni lita 648 likiwa tupu, na likijazwa maji na mawe linakaribia tani moja ukihesabu kioo na meza yake. Kwenye nyumba ya ghorofa muulize fundi aliyejenga kabla ya kulijaza. Mawe yaanzie chini kabisa kwenye kioo, kisha mchanga umwagwe kuyazunguka. Ukimwaga mchanga kwanza, samaki watauchimba na jiwe litaanguka.

Tuje kwenye chakula, maana huko ndiko wanakokufa wengi zaidi kuliko vitani. Utumbo wa Tropheus umejikunja-kunja na ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umeumbwa kusaga mwani siku nzima, kidogo kidogo. Mpe nyama, au viluwiluwi vya mbu kwa wingi, naye atavila kwa pupa, kwa kuwa samaki hajui kukataa. Baada ya siku chache tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa cheupe na chembamba kama uzi, anatema kila anachookota. Ugonjwa huo ukishaingia unaweza kufagia nusu ya kundi. Mpe chakula cha majani, hasa spirulina, mwani ule ule unaowalisha heroe wa maziwa yetu ya magadi, kidogo mara mbili au tatu kwa siku.

Sasa mfikirie Cyphotilapia, yule mkubwa mwenye nundu kichwani, ambaye wafugaji wote humwita frontosa. Wa Kigoma anafahamika duniani kwa milia yake saba pale ambapo wengi wana sita, na ni fahari ya mkoa huu. Anaweza kupita sentimita 30, anakua polepole, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na ni mpole kwa kimo chake. Muuzaji atakuambia kwa nia njema kwamba frontosa na Tropheus wanakaa pamoja bila kupigana, na atakuwa amesema kweli. Lakini frontosa ni mla samaki, anahitaji chakula chenye nyama. Ukimlisha yeye ipasavyo, Tropheus atakula makombo na kuvimba. Ukimlisha Tropheus ipasavyo, frontosa atadhoofu. Hawapigani wao kwa wao, na bado hawafai kukaa tangi moja. Nimechagua mfano huu kwa sababu unaeleza kiini cha jambo zima: ujirani wa samaki ni suala la riziki na makazi kuliko la upole.

Frontosa na Cyprichromis ni kosa la namna nyingine. Wanapendeza wakiwa pamoja, wakubwa wenye milia chini na kundi jembamba linalometameta juu. Ziwani nako wako pamoja, kina kirefu chenye mwanga hafifu, na sababu ni kwamba mmoja ni chakula cha mwenzake. Cyprichromis wakitulia karibu na mwamba usiku, frontosa huwaokota kunapokucha, kabla hawajaamka sawasawa. Tangini atafanya hivyo hivyo, utaona kundi linapungua mmoja mmoja bila kuona vita. Ukimtaka frontosa, mpe tangi lake: lita 1,000, dume mmoja na majike kadhaa, mawe makubwa yenye mapango, taa isiwe kali.

Kwa anayeanza, na hasa mwenye familia inayokaa mbele ya tangi jioni, napendekeza ufukwe ambako mwamba na mchanga vinakutana. Ndio unaokaliwa na watu wa aina nyingi bila kusumbuana, kama wapangaji wa nyumba moja ambao kila mmoja ana mlango wake. Kwenye maji ya juu weka Cyprichromis 12 au zaidi, madume wachache kuliko majike. Kila dume hushika eneo lake katikati ya maji, bila jiwe wala ukuta, na jike hutaga yai moja moja, akageuka na kulidaka kwa mdomo kabla halijafika mbali. Tangi liwe na mfuniko, kwa kuwa samaki hawa wakishtuka huruka nje. Upande mmoja rundika mawe marefu yenye nyufa, uweke jozi ya Julidochromis. Jozi hiyo ukishaipata usihamishe mawe yake hovyo. Mara nyingi dume na jike waliolea pamoja kwa miezi hutengana na kupigana mpaka mmoja afe, kisa ni nyumba yao kuvurugwa.

Upande wa pili acha mchanga mtupu na umwage maganda ya konokono, yale ya Neothauma ukiyapata, au mengine yenye mdomo mpana wa kutosha. Hapo waweke Lamprologus ocellatus, ambao dume wao hazidi sentimita 6. Ukimtazama kwa karibu anavyohamia utasahau kuzima jiko. Anachimba kwa mdomo pembeni mwa ganda mpaka linazama, analigeuza mlango uelekee juu, kisha anapiga mchanga kwa mkia ulifunike lote, kibaki kishimo tu. Ukiingiza mkono kusafisha kioo atakujia na kukuuma kidole, na hatarudi nyuma. Ila himaya yake ni mraba wa mikono miwili tu, na mwenye mwamba wala hamjali.

Altolamprologus anaingia vizuri kwenye tangi hilo, mmoja au jozi. Amebanwa ubavuni, mwembamba kiasi cha kupenya ufa ambao hukudhani samaki anapita, na mwendo wake ni wa kuvizia. Atakula baadhi ya vifaranga wa wenzake. Mimi naona hilo ni jema, kwa kuwa tangi ambalo kila kifaranga anakua litajaa mwaka haujaisha.

Anayejaza tangi haraka kuliko wote ni Neolamprologus brichardi, mwenye jina la Pierre Brichard aliyekuwa akisafirisha samaki kutoka Burundi na kuandika vitabu juu yao. Mkia wake una ncha mbili zilizorefuka kama nyuzi, rangi yake ni ya udongo mwepesi wenye ukingo wa bluu, bei yake si kubwa, na kila anayemwona humtaka. Watoto wa kwanza hawaondoki. Wanabaki kuwalinda wadogo zao, kusafisha mayai na kufukuza wageni. Kizazi cha pili kinafanya vivyo hivyo. Ni familia ya kupendeza kuitazama, lakini baada ya vizazi vitatu ina askari wa kila kimo, imeshika mwamba wote, na wapangaji wengine wamesukumwa kwenye pembe moja ya juu. Mpe tangi la peke yake.

Kwa wale wa mwani, jirani anayefaa ni Eretmodus. Anakaa maji mafupi yanayopigwa na mawimbi, kibofu chake cha hewa kimepungua hata hawezi kuelea vizuri, kwa hiyo anarukaruka juu ya mawe akikwangua. Chakula chake na cha Tropheus ni kimoja, kazi zao hazigongani. Awe jozi, kwa sababu wakiwa watatu mmoja hana mahali. Petrochromis naye ni mla mwani, lakini ni mkubwa na mkali kuliko wote niliowataja. Muache mpaka uwe na tangi la zaidi ya lita 1,000 na uzoefu wa kutosha.

Halafu kuna yule wa jamii ya kambare mwenye madoa meusi na mapezi yenye ukingo mweupe, Synodontis multipunctatus. Atakaa na karibu kila mtu. Ujue tu anavyozaa, kama Tetsu Sato alivyoonyesha mwaka 1986. Samaki wanaoatamia mdomoni wanapotaga, jozi ya Synodontis hujipenyeza katikati yao kwa kasi, inameza baadhi ya mayai na kuacha yake. Mama, katika vurugu hiyo, anayazoa yote. Mayai ya mgeni huanguliwa mapema, na vifaranga wake huwala watoto wa mwenye mdomo humo humo mdomoni. Tropheus hutaga mayai machache makubwa, mara nyingi yasiyofika 20, na kuyabeba kwa takriban mwezi mzima. Ukiwa unataka vifaranga wake, Synodontis asiwepo.

Kuhusu maji sitakaa sana, kwa kuwa sura iliyotangulia imeeleza. Maji ya ziwa ni magumu na ya alkali, pH yake inakaribia 9, yana madini mengi hasa magnesiamu, na juu yana joto la nyuzi 24 hadi 28. Aliyeko Kigoma anachota tu, mbali na maji machafu ya mji. Wa Dar es Salaam au Nairobi atapima maji ya bomba, atatumia mawe ya chokaa, magadi ya kuokea mikate na chumvi ya Epsom, na ataacha chumvi ya mezani jikoni. Jambo moja lazima nilirudie: amonia inayotokana na kinyesi inakuwa sumu kali zaidi kwenye maji ya alkali. Chujio lifanye kazi wiki nne hadi sita kabla ya kundi kubwa kuingia, na uwe na pampu ya hewa ya betri, maana Tropheus 25 hawatavumilia umeme kukatika usiku kucha.

Sasa ununuzi. Kukamata na kusafirisha samaki wa mapambo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ndani ya Hifadhi ya Milima ya Mahale, ambayo mpaka wake umeingia ziwani kilomita 1.6, samaki hawaguswi. Frontosa aliyevuliwa kwenye kina cha mita 30 au zaidi lazima apandishwe polepole, kwa vituo, la sivyo kibofu chake cha hewa kinatanuka na kumuua. Anayeuza kwa bei ya kutupa huenda aliruka hatua hiyo. Mwulize muuzaji samaki alitoka mwamba gani. Asiyejua, mwache. Ukipata waliozaliwa tangini na ambao asili yao inajulikana, wachukue hao kwanza. Mama anayebeba mayai kumi tu hawezi kufidia haraka kilichochukuliwa, na mwamba ambao tope la mashamba ya mlimani limefunika mwani wake hauna wa kupunguzwa tena, maana waliobaki hawana pa kuhamia.

Waingize kwa mpangilio. Katika tangi la mwamba na mchanga, Cyprichromis watangulie, ndio wenye woga, baada ya wiki mbili wenye maganda, kisha Altolamprologus, na Julidochromis wawe wa mwisho, kwa kuwa wakitangulia watajiona wenye nyumba yote. Kila asubuhi hesabu wakati wa kulisha. Anayekosekana mara mbili mtafute nyuma ya mawe, na aliyekunja mapezi mwondoe siku hiyo hiyo, uwe na ndoo yenye chujio dogo ikimsubiri.

Wakizaana wakazidi, wagawie wafugaji wengine au uwauze. Wasimwagwe mtoni wala ziwani, hata kama unaishi Ujiji na ziwa liko mlangoni, kwa kuwa wa mwamba mwingine akiingia hapo atachanganya damu ambayo imejitenga kwa maelfu ya miaka. Na kwenye kila mfuko unaotoka nyumbani kwako andika kwa wino usiofutika jina la samaki na jina la ufukwe wake.